Mkanda Uliobaki Msumarini

Sekela wa Majengo, pale Mbeya, alikuwa mfupi. Tuanzie hapo, kwa sababu wengi waliomsimulia baadaye walimwongezea kimo, kana kwamba jambo kubwa haliwezi kufanywa na mtu mwenye miguu mifupi. Alikuwa mfupi kiasi kwamba sokoni wauza viazi waliona kikapu kinakuja kabla hawajamwona mwenye kikapu. Lakini Mungu hamnyimi mja wake vyote. Sekela alipewa ulimi uliofika kule ambako mikono yake haikufika, na alipewa vidole, ambavyo habari zake ndizo hizi.

Mumewe, Asukile, alikuwa kinyume chake. Mlango wa nyumba yao ulimgonga paji la uso kila alipojisahau, na alijisahau mara nyingi. Wakiongozana barabarani watu walisema mchi na kinu hao wanakwenda sokoni, nao walicheka pamoja na waliowacheka.

Kama vijana wengi wa Unyakyusa miaka ile, Asukile alikwenda Joni, migodini Afrika Kusini. Wenela, mawakala wa migodi, waliwaandikisha, wakawasafirisha, wakawashusha chini ya ardhi kuchimba dhahabu ya watu, na waliojaliwa kurudi walirudi na masanduku ya bati, makoti na cherehani. Asukile alirudi na gitaa. Mama yake, Damari, ambaye alikuwa amewaahidi majirani cherehani, alilitazama lile sanduku lenye tundu katikati, akauliza kama linashona.

Gitaa lilikuja na mkanda wake. Asukile aliutengeneza mwenyewe hukohuko, kutokana na ule mkanda mpana wa ngozi ambao wachimbaji huvaa kiunoni kubebea betri ya taa. Ncha moja aliipachika kwenye kigingi kidogo kilicho chini ya tumbo la gitaa, na ncha ya pili akaifunga kwa kamba ya kiatu kule kichwani, zinakoanzia nyuzi. Aliupima kwa mwili wake, akaukata, akaushona, basi. Haukuwa na matundu ya kuongeza wala kupunguza.

Jioni alipiga, na Sekela alisikiliza akiwa mkekani, miguu ameinyoosha mbele yake kama mwanamke aliyefunzwa kwao. Asukile alipochoka, Sekela alilivuta gitaa akalilaza mapajani. Tumbo la gitaa lilimgusa kifua, shingo yake ikaelekea juu kidogo upande wa kushoto, na vidole vikaanza kutafuta. Mwanzoni vilitafuta tu. Baadaye vilipata. Kufikia wakati Asukile anajiandikisha kwenda Joni mara ya pili, mke alikuwa amempita mume, na mume alikuwa mtu muungwana wa kutosha kulisema hilo mbele ya wageni.

Aliondoka akaliacha gitaa limening'inia kwenye msumari kwa mkanda wake. Na tangu alipoondoka, watu wa Majengo walianza kumwita Sekela mke wa mwenye gitaa. Walisema kwa heshima, naye aliitikia kwa heshima, lakini jina lile lilimkera rohoni kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Yeye ndiye aliyelipiga kila siku. Yeye ndiye aliyelifuta vumbi. Na bado alikuwa mke wa mwenye nalo.

Palikuwa na bendi mjini, Vijana wa Loleza, ingawa ujana wa baadhi yao ulikuwa jambo la kubishaniwa. Kiongozi wao alikuwa Jailos, mwenye bucha, mpiga tarumbeta mwenye mashavu yaliyojaa na maneno yaliyojaa zaidi. Asukile alikuwa mpiga gitaa wao. Alipoondoka, Jailos alikwenda nyumbani kwake kuazima gitaa, na tuseme ukweli, alikwenda kuazima gitaa tu, si mtu. Sekela alimjibu kwamba gitaa halitembei peke yake. Likitoka, anatoka nalo.

Kwa hiyo walimkubali kwa shingo upande. Waliposikia anavyopiga, shingo zikanyooka. Alikaa pembeni mkekani kwake, wanaume wamesimama, na akawaletea wimbo alioutunga mwenyewe kutokana na mwendo wa majembe ya wanawake wanapoinua matuta: yale yanashuka pamoja, haya yanainuka pamoja, na moja lililochelewa linafuatia nyuma peke yake. Jembe lile lililochelewa alilipiga kwa uzi wa juu kabisa. Watu walioshika glasi waliziweka chini wakainuka kucheza.

Mambo yalikuwa shwari hadi ulipokuja mwaliko wa Iringa. Bendi ya huko, Gangilonga Jazi, iliwaita Vijana wa Loleza kupambana nao katika ukumbi wa dansi karibu na soko, na mfanyabiashara mmoja wa mjini pale alitoa mtamba mwekundu kuwa zawadi ya mshindi. Kwa Mnyakyusa hakuna haja ya kueleza zaidi. Mtu anaweza kuvumilia kushindwa dansi, lakini kuona ng'ombe anabaki kwa watu ni jambo jingine kabisa.

Jailos aliwaita wote akatoa hotuba. Iringa, alisema, kuna jukwaa, na watu wa Iringa wana macho makali. Wakimwona mwanamke ameketi mkekani, miguu mbele, kichwa kimeinama, watadhani Mbeya imekuja na msiba. Akamgeukia Sekela.

"Shemeji, mimi sina ugomvi na vidole vyako," alisema. "Lakini Jumapili ijayo baada ya ibada nataka uupige ule wimbo wa majembe umesimama, mwanzo hadi mwisho. Ukishindwa, gitaa linakwenda na Anania."

Anania alikuwa binamu wa Asukile, kijana mrefu aliyechana nywele zake kwa njia moja katikati. Damari alikwishakubali kwamba ikibidi, binamu anaweza kulichukua gitaa la binamu yake. Basi jambo lilikuwa hilo, wala halikuwa na maelezo mengi: Sekela asimame apige, au wimbo wake uende Iringa mikononi mwa mtu mwingine na yeye abaki Majengo kusubiri kuhadithiwa.

Alisimama palepale kujaribu. Aliuvaa mkanda wa mumewe begani, na gitaa likashuka, likashuka, likaenda kutua karibu na magoti. Mkono wa kulia ulinyooka mpaka bega likavutika. Mkono wa kushoto ulilazimika kujikunja kifundoni kama shingo ya bata ili vidole vizifikie nyuzi, na kabla wimbo haujafika katikati vidole viwili vilikuwa vimekufa ganzi. Kichwa cha gitaa nacho kilielemea chini, ikabidi akishikilie kwa mkono uleule uliotakiwa kupiga. Jembe lililochelewa halikufika kabisa. Mpiga ngoma aliangalia pembeni kwa huruma, na huruma ya mpiga ngoma ndiyo iliyomuumiza Sekela kuliko kicheko.

Anania akalivaa. Juu yake mkanda ulikaa vizuri, maana kimo chake na cha Asukile ni kimoja. Aliliacha gitaa lining'inie chini ya kiuno, akakunja goti moja kama watu wa kwenye picha za Joni, na kwa kweli alipendeza. Wimbo aliupiga kama mtu anayesoma zaburi kwa kuruka mistari, lakini aliuruka akiwa amesimama, na Jailos akatikisa kichwa kukubali.

Sekela alirudi nyumbani na hasira ya mtu mfupi, ambayo ni kali kwa sababu haina mahali pa kusambaa. Alitafuta kisu. Ukweli ulikuwa wazi kama mchana: mkanda ulikuwa mrefu, na kitu kirefu dawa yake ni kukatwa. Alikuwa ameulaza kwenye kigoda na kisu kimegusa ngozi pale Damari alipoingia.

Damari alikuwa Mmoraviani wa kweli. Kiti chake kanisani kilijulikana, na wimbo ukianza kwa sauti isiyofaa yeye ndiye aliyeurekebisha. Lakini alikuwa pia mama wa mtu aliyekuwa shimoni, na akina mama wa watu wa shimoni walikuwa na mambo yao ambayo hawakumwambia mchungaji. Kitanda cha Asukile hakikuhamishwa. Kigoda chake hakikukaliwa na mgeni. Na kitu chake chochote, alichokivaa kikashika umbo lake, hakikuguswa kwa kisu.

"Mama Marta, mkanda wa mtu aliye chini ya ardhi haukatwi," alimwambia Sekela, akimwita kwa jina la mwanawe. "Wala haufungwi fundo. Akirudi, akate mwenyewe."

Sekela aliweka kisu chini. Angeweza kubishana, na ulimi alikuwa nao, lakini alimtazama yule mama usoni akaona kwamba pale hapakuwa na ukali, palikuwa na hofu tupu. Na yeye pia alimtaka Asukile arudi. Akaufungua mkanda kutoka kwenye gitaa, akautundika msumarini ukiwa mzima.

Siku zilizofuata alihangaika. Alijaribu kamba ya katani, ikamla bega hata akashindwa kubeba ndoo. Alijaribu kanga, akaifunga vizuri, akaridhika, kisha katikati ya wimbo kanga ikaanza kulegea na kuteleza na gitaa likawa linashuka taratibu kama mgonjwa anayeteremshwa kitandani. Akapata wazo la kuifupisha sana isiweze kuteleza. Gitaa likapanda mpaka chini ya kidevu. Kiwiko cha kulia kikabanwa mbavuni, mabega yakapanda masikioni, na akawa hazioni nyuzi isipokuwa kwa kukunja shingo. Jirani aliyechungulia alimuuliza kwa upole kama ana jino linalouma. Sekela akajua kwamba refu linaua na fupi linaua, na katikati yake hakupajua.

Ijumaa, Marta alishikwa na homa. Marta alikuwa kitinda mimba wake, alikwishaanza kutembea na kujivunia jambo hilo, na kwa muda mrefu alikuwa amekataa kubebwa. Lakini homa haina majivuno. Aliulilia mgongo wa mama yake kama zamani, na Sekela akatoa sandukuni mbeleko.

Ilikuwa mbeleko ya kwao hasa, ngozi ya ndama iliyolainishwa, yenye mikono miwili mirefu ya kufungia. Damari alimpa siku alipojifungua mtoto wa kwanza, na watoto wote wa nyumba ile walikuwa wamepita ndani yake. Akamfunga Marta mgongoni, akafanya kazi zake. Mchana mtoto alipozidi kulia, akamzungusha mbele kama mama anavyomleta mtoto kwenye ziwa, akaketi mkekani na ungo wa maharage, akaendelea kuchambua. Marta alinyamaza, akalala, na Sekela akasimama kwenda kulitazama jiko.

Akiwa amesimama pale, alitambua kwamba mtoto hakushuka. Alipokuwa mkekani kichwa cha Marta kilikuwa karibu na bega lake la kushoto na tumbo la Marta chini ya titi. Sasa amesimama, Marta yuko palepale. Mikono yake yote miwili ilikuwa huru. Viwiko vilikuwa vimekunjika vyenyewe, bila kubanwa wala kuvutwa. Sekela aliinua mkono wa kushoto juu ya kichwa cha mwanawe, na vidole vikaanza kutembea hewani, jembe kwa jembe, mpaka lile lililochelewa. Moyo ulimdunda kwa nguvu hata akaogopa kumwamsha mtoto.

Alimlaza Marta kitandani. Akaketi mkekani, miguu mbele, akaliweka gitaa mapajani mahali lilipozoea kukaa tangu siku ya kwanza. Kisha, akiwa bado ameketi, akaipitisha mbeleko mgongoni na juu ya bega la kushoto, mkono mmoja wa ngozi akaufunga kwenye kigingi, mwingine akaufunga kichwani kwa kamba ya kiatu, akakaza mpaka ngozi ikanyooka bila kulivuta gitaa juu wala kuliacha lilegee. Kosa lake siku zote lilikuwa kusimama kwanza, kisha kuuliza gitaa likae wapi. Gitaa lilikwishamwambia linapokaa, zamani, mkekani.

Akasimama polepole kama mwenye mtungi kichwani. Gitaa halikushuka. Shingo yake ilibaki imeinuka kidogo, na alipoziachia nyuzi kwa mikono yote miwili, kichwa hakikuelemea, maana upande wa ndani wa ile ngozi ulikuwa na mparuzo na uling'ang'ania gauni lake. Kifundo cha mkono kilikuwa kimenyooka. Akaupiga wimbo wa majembe mwanzo hadi mwisho, macho ameyafumba, na jembe lililochelewa likafika na kufika tena.

Alipofumbua macho, Damari alikuwa mlangoni na jembe lake begani.

Hapo Sekela alikumbuka kitu ambacho kila mwanamke wa kwao alikijua. Mbeleko haibebi kuni. Mbeleko ni ya mtoto, na mwanamke anayeifungia gogo, walisema wakubwa, asije akashangaa akizaa watoto wagumu wa moyo. Na gitaa, ukiondoa nyuzi, ni ubao. Damari alitazama msumari kwanza, akauona mkanda wa mwanawe umening'inia mzima. Akatazama mbeleko aliyoitoa kwa mikono yake mwenyewe. Akaweka jembe, akatoka.

Sekela alisimama palepale, akiamini kwamba ameitiwa wanawake wa ukoo. Alikwishaanza kupanga maneno ya kujitetea, mengine mazuri, pale Damari aliporudi akiwa amebeba kibuyu cha samli. Aliketi, akamwambia aivue, akachota samli kwa vidole na kuanza kuisugua ngozi, upande wa nje tu, kwa nguvu, kama anavyosugua mgongo wa mjukuu.

"Ngozi kavu inakwaruza," alisema. "Watasikia ngozi, hawatasikia nyuzi."

Sekela aliuliza, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake, habari za kuni.

"Kuni ukifika nyumbani unazitupa chini," Damari alijibu. "Hiki sijakuona ukikitupa."

Jumapili baada ya ibada Sekela alisimama nyuma ya bucha la Jailos akaupiga wimbo mwanzo hadi mwisho. Jailos aliitazama mbeleko, akafungua kinywa, kisha akamwona Damari ameketi mbele, mikono ameikunja kifuani, akafunga kinywa. Anania alikuwa wa kwanza kupiga makofi, na hilo liandikwe kwa heshima yake. Alisema yeye atakwenda Iringa kuimba, na kwa kweli sauti alikuwa nayo.

Walikwenda kwa lori la mizigo, juu ya magunia ya mchele, wakapita Chimala, wakapita Igawa, vumbi likiwapaka wote rangi moja. Wanaume waliketi juu ya masanduku ya ngoma. Sekela alilipakata gitaa ndani ya mbeleko njia nzima, na baridi ya Sao Hill ilipowakuta alilifunika kwa shali yake mwenyewe. Mpiga ngoma alisema hata yeye mama yake hakumtunza hivyo.

Ukumbi wa Iringa ulijaa. Gangilonga Jazi walitangulia, na walikuwa wazuri, tusiwaonee. Mpiga gitaa wao, Silvester, alikuwa fundi wa kweli, na gitaa lake lilining'inia chini kabisa kwa mkanda unaong'aa. Walipomaliza, watu waligonga sakafu kwa miguu. Kisha Vijana wa Loleza wakapanda, na Jailos akawataja mmoja mmoja. Alipofika kwa Sekela alisema, kwa fahari na bila nia mbaya, kwamba huyu ni mke wa mwenye gitaa.

Watu waliinua shingo kumtafuta. Walipomwona, mfupi, na gitaa limefungwa kifuani kwa ngozi ya kubebea mtoto, kicheko kilianzia mbele kikaenda mpaka mlangoni. Mwanamke mmoja mnene aliyekaa mstari wa kwanza alipaza sauti akamsalimu kamwene, akauliza kama mtoto amelala.

"Amelala, mama," Sekela alijibu. "Ngoja nimwamshe."

Akaamsha. Majembe yalishuka pamoja, yakainuka pamoja, na lile lililochelewa likaja nyuma yao juu kabisa, safi kama maji ya mlimani. Wanawake ndio waliotambua kwanza. Wahehe, Wabena, wote walikuwa wamelima matuta, na mwili unajua mwendo wake hata kabla ya kichwa. Yule mama wa mstari wa kwanza alikuwa wa kwanza kusimama. Alinyoosha mikono kama mwenye mpini, akainama, akainuka, na walio nyuma yake wakamfuata, mstari kwa mstari, mpaka ukumbi mzima ukawa shamba. Jailos alipuliza tarumbeta mpaka mashavu yakawa kama matikiti. Anania aliimba vizuri kuliko alivyowahi kuimba.

Na Sekela alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: alitembea huku anapiga. Mkekani hutembei. Alikwenda ukingoni mwa jukwaa, akageuka, akarudi, akainama pamoja na waliolima, na gitaa lilikwenda naye kila alikokwenda, palepale kifuani, bila yeye kuhitaji kulikumbuka. Alifurahi. Alifurahi waziwazi, meno yote nje, na hakujali nani anamwona. Wimbo ulipokwisha waliomba urudiwe, ukarudiwa, wakaomba tena.

Mtamba hakupigiwa kura ndefu. Silvester mwenyewe ndiye aliyemshika kamba akamleta, na kabla ya kuikabidhi alimwomba Sekela amwonyeshe jinsi alivyofunga. Sekela alimwambia aketi kwanza. Silvester akaketi kwenye ukingo wa jukwaa na gitaa lake, mbele ya watu wote, na mwanamke mfupi kutoka Mbeya akamkunjia mkanda wake unaong'aa mpaka ukatosha, akamwambia sasa simama. Silvester alisimama, akapiga kidogo, akatazama mkono wake wa kushoto kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea. Alisema mkono ule ulimuuma kila usiku wa dansi, naye alidhani ndiyo kazi ilivyo.

Walirudi na ng'ombe ndani ya lori. Jailos, aliyekuwa amechinja ng'ombe maisha yake yote, alikaa naye njia nzima akimkinga na upepo, na mtu alipotania habari ya nyama karibu wapigane. Walikubaliana mtamba akae kwa Damari, maana ndiye mwenye zizi na ndiye mwenye samli. Majengo nzima ilitoka barabarani. Wanawake walipiga vigelegele kuanzia kituo cha mafuta mpaka mlangoni kwa Sekela, na Damari alimpokea ng'ombe kwanza, kisha mkwe wake, akamshukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga, mama Marta," akaingia ndani haraka ili machozi yake yasionekane.

Asukile aliporudi kutoka Joni, mtamba alikuwa amekwisha kuzaa. Alirudi amekonda, lakini alirudi juu ya miguu yake. Mlango ukamgonga paji la uso kama zamani, na Damari aliposikia ule mgongano alimshukuru Mungu kwa sauti. Safari hii alileta cherehani. Mama yake aliizunguka, akaligusa gurudumu lake, kisha akauliza kama inaimba.

Baada ya kula, Asukile aliinuka, akautoa mkanda wake msumarini, akaupuliza vumbi. Akalichukua gitaa na mbeleko yake. Alijaribu kulivaa lilivyo, gitaa likamkaa chini ya kidevu kama leso ya mtoto anayelishwa uji, nyumba nzima ikacheka, yeye akacheka kuliko wote. Kisha mkono wake ukaenda kwenye fundo la mbeleko kulifungua. Sekela alikuwa amesimama karibu na jiko, na kicheko chake kilikuwa kimekwisha.

"Mkanda wako huo, nimekulindia," Damari alimwambia mwanawe. "Haujakatwa wala haujafungwa fundo. Lakini huyo mwache ndani ya mbeleko."

Asukile aliutazama mkanda mkononi mwake, akamtazama mkewe. Akalirudisha gitaa kwake taratibu, kwa mikono miwili. Kisha akaomba kisu, na Damari akampa, maana mwenye mkanda sasa alikuwa juu ya ardhi. Akaukata mwenyewe pale panapostahili, akautoboa, akauzungusha kiunoni ulikotoka, na ile suruali iliyokuwa ikimpwaya ikatulia.

Jumamosi Vijana wa Loleza walipiga mjini. Asukile alisimama mbele kabisa, kichwa juu ya vichwa vyote, mkanda kiunoni. Mgeni mmoja aliyefika siku hiyo kutoka Chunya alimwona anavyoufuatisha wimbo kwa midomo, akamgusa bega akamuuliza kama kweli yeye ndiye yule mwenye gitaa anayesemwa.

"Mwenye gitaa ni yule," Asukile alisema, akionyesha jukwaani kwa kidevu. "Mimi ni mume wake."